Maji yametoka, nyumba bado ina maji: dalili, sababu na tiba baada ya mafuriko

Maji ya mafuriko yanaweza kutoka sebuleni kwa saa tatu. Yaliyoingia ndani ya tofali yatakaa miezi. Mimi ni fundi ujenzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa nyumba za mabondeni mwa Kampala: Bwaise, Kalerwe, Nateete. Simu zinazonijia baada ya mvua za Machi hadi Mei, na tena baada ya zile za Septemba hadi Novemba, zinafanana mno. Mwenye nyumba amesafisha, amepaka rangi, ameshukuru Mungu, kisha ukuta unaanza kuvimba.

Nimepanga mambo kwa dalili, kama watu wanavyonieleza wenyewe. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi. Anza na ukaguzi usiogharimu kitu. Palipoandikwa SIMAMA, nakuomba usimame kweli.

Kazi ya kwanza kabisa ni ya penseli. Piga mstari ukutani pale maji yalipofikia, andika tarehe, piga picha kwa simu. Doa la tope litatoka utakapoosha, mstari utabaki, na vipimo vingi nitakavyotaja huko mbele vinaanzia hapo.

## Kabla hujaingia

Zunguka nyumba kwa nje, polepole. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na sementi ikaja baadaye kama plasta ya juu tu. Maji yakikaa siku mbili, udongo ule unarudi kuwa tope huku plasta bado inaonekana nzima. Tafuta mahali plasta imebanduka, choma kiungo cha matofali kwa msumari. Kwenye sementi msumari utakwaruza na kudondosha mchanga. Kwenye udongo uliolowa utazama wote bila kutumia nguvu.

SIMAMA: msumari ukizama, au ukuta umetoa tumbo, au kona zimeanza kuachana. Usiingie hata kuokoa godoro, na mtu asilale humo usiku ule. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, aikague kwanza.

Ukishaingia, jua ni maji ya aina gani. Bomba lililopasuka au tangi lililofurika ni maji safi. Ukikausha ndani ya siku mbili, vitu vingi vinapona, hata zulia. Mafuriko ya bondeni ni majitaka, hata yakionekana kama chai nyepesi, kwa sababu yamepita kwenye vyoo vya shimo vya mtaa mzima. Godoro, mto, zulia na dari ya jipsamu vilivyolowa maji hayo vitupwe. Najua bei ya godoro. Lakini sponji iliyonyonya kinyesi haiwezi kuoshwa ikatakata mpaka ndani, na anayelalia mara nyingi ni mtoto. Vaa buti za mpira na glovu, na mwenye kidonda mguuni asishiriki.

Walioko Kasese, magharibi mwa Uganda, wana jambo la ziada. Mto Nyamwamba, uliovunja kingo Mei 2013 na tena Mei 2020, hupita kando ya mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, na tope lake hubeba shaba na kobalti. Tope mnalolitoa ndani msilimwage kwenye bustani ya mboga.

Osha kwa sabuni kwanza, dawa ifuate, maana tope hula nguvu ya klorini. Jik ya asilimia 3.5 (soma lebo) changanya kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, paka sakafuni na ukutani, acha dakika 10, suuza. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na kitu chenye amonia. Gesi inayotoka huunguza mapafu.

Na hili naliomba kwa moyo wote: usikaushe nyumba kwa sigiri. Watu hufunga madirisha, huwasha makaa katikati ya chumba ili ukuta ukauke haraka, kisha wanalala. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuamsha, na inaua familia nzima kwa usiku mmoja. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha. Kinachokausha nyumba ni upepo unaopita kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

## "Breka kubwa inajiangusha kila nikiipandisha"

Inafanya kazi yake. Usiilazimishe, na usimruhusu mtu aipite kwa kipande cha waya.

Sababu ya kwanza ni soketi za chini kujaa maji na tope. Ya pili ni kifaa kilicholowa ambacho bado kimechomekwa, hasa friji na pampu. Ya tatu ni maji yaliyobaki ndani ya bomba la nyaya ukutani. Haya hayaonekani, na ndiyo husababisha umeme uwe mzima asubuhi na kukatika jioni. Nadra zaidi, ni waya wenyewe uliokuwa na mchubuko tangu zamani.

Linganisha soketi na mstari wako wa penseli. Kama maji hayakufika kwenye soketi yoyote, na sakafu ni kavu, na umevaa viatu vikavu, chomoa kila kitu, shusha breka ndogo zote, pandisha kubwa, kisha pandisha ndogo moja moja. Ile itakayoangusha nyumba nzima iache chini mpaka fundi aje.

SIMAMA: maji yalifika kwenye soketi au kwenye boksi la breka, au ukigusa ukuta au bomba unahisi mtetemo, au kuna harufu ya kuungua. Zima kubwa kama unaifikia ukiwa pakavu, na uiite kazi ya fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme. Soketi zilizoingia majitaka hubadilishwa. Kuzianika juani hakuondoi tope kwenye vishikio vya ndani. Kama tatizo liko kwenye mita ya Yaka (ile ya kulipia kabla) au waya unaotoka nguzoni, hapo ni kazi ya UEDCL, shirika la kusambaza umeme, waliochukua mtandao Aprili 2025. Fundi wa mtaani asiguse.

Friji iliyozama usiiwashe "kujaribu". Jaribio hilo ndilo huichoma mota ambayo labda ingepona kwa kukaushwa wiki mbili na kukaguliwa.

## "Miezi miwili sasa, ukuta bado una unyevu"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Miaka kadhaa nyuma, mama mmoja pale Kalerwe, mzaliwa wa Bombo, aliingiliwa na maji katikati ya Aprili. Katikati ya Mei kulikuwa na kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya binti yake. Alinibembeleza: "Fundi, wageni hawawezi kukuta ukuta uko uchi." Nikampigia plasta mpya ya sementi, nikapaka rangi ya mafuta ya krimu. Siku ya shughuli ilipendeza. Julai akanipigia: "Njoo uone, mwanangu, ukuta umevimba." Nilibonyeza lengelenge moja kwa dole gumba. Likapasuka, na maji ya rangi ya chai yakateremka mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu. Yalikuwa maji ya Aprili. Nilimrudishia pesa ya ufundi, lakini vifaa vilikuwa vimepotea, naye hakuwa mtu wa kupoteza vifaa.

Sababu ya kwanza basi ni hiyo: muda haujatosha. Kanuni ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, ukuta ukiwa wazi na upepo unapita. Ukuta wa inchi 9 unaokauka pande zote mbili huchukua miezi minne au mitano. Ukikauka upande mmoja tu, karibu maradufu. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu waangalie kalenda. Maji yaliyoingia Aprili, plasta mwishoni mwa Julai au Agosti, kiangazi kikiwa kimefanya kazi. Yaliyoingia Oktoba, subiri Februari.

Sababu ya pili ni ukuta uliofungwa pumzi: rangi ya mafuta, vigae vya ukutani, skimu ya sementi iliyolainishwa mno. Unyevu unatafuta pa kutokea na haupati.

Ya tatu ni udongo wa nje. Mafuriko huacha tope, watu hulisukumia ukutani, na baada ya misimu miwili ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani. Ile nailoni nyeusi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, mafundi huiita DPC, sasa imefukiwa. Kila mvua inapita juu yake. Ya nne ni nyumba isiyo na DPC kabisa, na hizo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ya mwisho ni bomba linalovuja ndani ya ukuta.

Namna ya kuzitofautisha haina gharama. Kila baada ya wiki mbili, piga alama ya penseli pale unyevu unapoishia, ukaandika tarehe. Alama zikishuka, ukuta unakauka, vumilia. Zikisimama palepale, kwenye usawa wa goti, katika kuta zote hata zile ambazo maji hayakufika, unyevu unapanda kutoka ardhini, kwa hiyo ukague nje. Kama ni doa la mviringo karibu na bafu au jiko, shuku bomba: funga mifereji yote usiku, soma mita ya maji, isome tena alfajiri. Namba zikisogea na hakuna aliyefungua maji, umepata jibu.

Tiba yenyewe ndiyo hii. Nje, chimba udongo urudi chini ya DPC angalau kwa sentimita 15, na maji ya paa yapelekwe mbali na msingi. Ndani, bandua plasta yote kuanzia sakafuni mpaka sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa mafuriko. Kwangua viungo, piga burashi ngumu, acha matofali wazi. Fungua zile tundu za hewa juu ya madirisha. Karibu kila nyumba ninayoingia zimezibwa kwa gazeti au nguo kukuu kwa sababu ya mbu. Weka wavu badala yake. Kabati na vitanda vikae shubiri moja kutoka ukutani.

Matofali yakiwa wazi, yakague. Tanuru zetu hazichomi sawasawa, na yale yaliyokuwa pembezoni mwa moto hutoka na rangi hafifu, laini. Ligonge kwa nyundo ndogo: lililoiva hulia kama chungu, bichi hutoa sauti ya kufa. Likwaruze kwa msumari. Bichi lililolowa hutoka unga mzito unaoganda kwenye vidole. Toa moja, jaza moja, subiri likamate, ndipo uende kwa lingine. SIMAMA: ukikuta mengi mabovu yamefuatana, au yako chini ya boriti au pembeni mwa mlango, maana hapo ndipo uzito wa paa unapopumzikia.

Ukirudisha plasta, iwe na chokaa: sementi 1, chokaa 1, mchanga 6. Ni laini kuliko ya sementi tupu na inaruhusu ukuta kupumua. Mwaka wa kwanza paka chokaa, au rangi ya maji isiyong'aa. Ya mafuta itasubiri.

## "Rangi inatoa maua meupe"

Ni chumvi. Maji yanapotoka ndani ya tofali huibeba, yanakauka juu, chumvi inabaki. Maana yake ni kwamba ukuta bado unakauka, na hilo si baya.

Hakikisha kwanza si ukungu mweupe: dondoshea tone la maji. Chumvi huyeyuka, ukungu hulala tu na kuteleza. Ikiwa ni chumvi, isugue kwa burashi kavu na uizoe sakafuni. Usiioshe, maana maji huirudisha ndani na wiki ijayo utaiona tena. Rudia mpaka ikome yenyewe. Ikiendelea zaidi ya mwaka, rudi kwenye sababu ya tatu na ya nne hapo juu, au shuku mchanga uliotumika kwenye plasta.

Zipo dawa za kupaka zinazouzwa kwa ahadi ya kuzuia unyevu milele. Kwenye ukuta mkavu zina kazi yake. Kwenye ukuta uliolowa zinaufungia maji ndani, na yatapanda juu zaidi kutafuta mlango.

## "Kuna harufu ya gunia bichi, na madoa meusi nyuma ya kabati"

Ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 mahali palipolowa. Mara nyingi unatokea nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, kisha kwenye chumba kisichofunguliwa dirisha, kisha jikoni kunakopikwa bila mahali pa mvuke kutokea. Kama umeota juu ya dari, usihangaike na mafuriko. Tafuta bati linalovuja.

Usiupige burashi ukiwa mkavu, utaupeperusha nyumba nzima. Ulowanishe kwa maji ya sabuni, usugue, upanguse, kisha ndipo mchanganyiko wa Jik. Kwenye vigae na vioo, dawa hiyo inatosha. Kwenye plasta na mbao inaondoa rangi nyeusi ya juu huku mizizi ikibaki ndani, kwa hiyo usipoondoa unyevu utauona tena baada ya mwezi. Vaa barakoa, fungua madirisha.

SIMAMA: ukungu umezidi mita moja ya mraba, au nyumbani kuna mwenye pumu, mtoto mchanga au mgonjwa wa mapafu. Wao wahamie kwa ndugu kwanza. Usafi ufanywe na watu wazima wenye afya, au na wanaoifanya kazi hiyo kila siku.

## "Vigae vinainuka, sakafu inatoa jasho"

Gonga kila kigae kwa sarafu. Kinacholia utupu kimeachia gundi. Mara nyingi chanzo ni maji yaliyopenya kwenye mistari na kulainisha gundi, tena hasa pale kigae kilipobandikwa kwa vidonge vitano vya sementi badala ya kupakwa chote. Kitoe, kausha chini, bandika upya.

Sakafu ya sementi inayotoa jasho ipime hivi: bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, gundi pande zote nne, iache mpaka kesho yake. Matone yakiwa upande wa chini, unyevu unatoka ardhini. Yakiwa juu tu, ni hewa ya chumba, fungua madirisha. Usibandike kigae wala zulia la plastiki mpaka nailoni itoke kavu mara mbili, wiki mbili tofauti.

SIMAMA: eneo kubwa la sakafu linalia utupu ukilikanyaga kwa kisigino, au limedidimia. Maji yameondoa mawe na kifusi chini ya zege. Hilo si la kujaza kwa sementi juu juu.

## Milango, makabati na dari

Mlango uliovimba usiupige randa. Subiri ukauke. Ukiupunguza sasa, Julai utabaki na pengo linaloingiza panya. Mbao ngumu kama mvule hurudi karibu na umbo lake. Mbao za kusindikwa, zile zinazotengenezewa makabati ya bei nafuu, zikishavimba hazirudi. Toa bawaba na vishikio, tupa mengine. Angalia njia za mchwa kwenye fremu miezi miwili baadaye, kwa kuwa mbao zenye unyevu huwaita.

Dari yenye duara za kahawia zinazokua kila mvua ina tatizo kwenye misumari ya mabati au kwenye gata iliyojaa majani. Dari iliyotoa tumbo ina maji juu yake: zima umeme, weka ndoo, simama pembeni, itoboe kwa fimbo ndefu katikati ya tumbo. Usisimame chini yake.

Vyeti vya UNEB, hati ya ardhi na picha za harusi vikilowa, usibandue karatasi kwa nguvu. Viweke kwenye mfuko wa nailoni, kwenye friza ya jirani hata wiki kadhaa, kisha vikaushe kivulini karatasi moja moja ukipata muda. Kwenye baridi ukungu hausogei.

## "Choo kinarudisha maji, na maji ya mfereji yananuka"

Siku za mwanzo, choo hurudisha kwa sababu ardhi imejaa. Maji ya shimo hayana pa kwenda. Punguza matumizi, subiri. Wiki mbili baada ya ardhi kukauka, kama bado kinarudisha, tope limeziba bomba au shimo.

SIMAMA: usiite gari la kunyonya majitaka wakati maji bado yako juu kwenye udongo. Tangi tupu kwenye ardhi iliyojaa maji linaweza kuinuka au kuta zake kubanwa zikaanguka. Wala mtu yeyote asiingie shimoni kuzibua. Hewa ya mle ndani huua kabla hajaita msaada, na anayemfuata hufa naye.

Maji ya mfereji yakinuka, wapigie NWSC, shirika la maji, huenda bomba la mtaa limepasuka. Tangi lako la lita 1000 likiingiwa na mafuriko, lisugue, lijaze, tia lita 1 na nusu ya Jik isiyo na manukato, fungulia mifereji yote mpaka harufu ya klorini itoke, acha saa 12, kisha mwaga yote. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, na chemchemi ya bondeni usiiamini msimu mzima wa mvua.

## "Nyufa zimetokea baada ya kukauka"

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni kawaida. Plasta inakauka, inajivuta.

Zile zinazopanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali, hasa kwenye kona za madirisha, zinasema msingi umesogea. Piga alama za penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, pima upana kwa rula. Angalia tena baada ya wiki mbili. Usizibe kabla, utaficha habari unayoitafuta.

SIMAMA: ufa umezidi milimita 5, au umepita alama zako, au unaonekana ndani na nje mahali pamoja, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kukwama huku nyumba ikiwa kavu. Hama chumba hicho, mwite mhandisi.

## "Nimekarabati mara tatu, na maji yanarudi"

Mara nyingi ni mtaro wa mtaa uliojaa chupa na mifuko, au ukuta wa jirani mpya uliofunga njia ya maji. Tembea wakati mvua inanyesha, kwa buti, uone maji yanakotoka kwa macho yako. Zungumza na jirani na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa sementi.

Kisha kuna swali ambalo napenda liulizwe mapema, ingawa linauma. Je, nyumba iko ndani ya kinamasi? Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilibomoa nyumba za watu pale kwenye kinamasi cha Lubigi. Niliwaona waliokuwa wamemaliza kupaka rangi. Kama mpaka wa kinamasi uko karibu nawe, pata jibu kutoka ofisi husika kwa maandishi, ndipo uamue kama ni kukarabati au kuweka akiba ya kuhama.

Kwa wanaobaki: soketi zote zipande mpaka usawa wa kifua, na waya zishuke kutoka darini, zisipande kutoka sakafuni. Kizingiti cha mlango kiongezwe matofali mawili. Plasta ya chini iwe ya chokaa, makabati ya jikoni yakae juu ya miguu ya chuma. Hati na vyeti vihifadhiwe juu ya mstari.

Na mstari wenyewe usiufute. Bwaise kuna nyumba niliyoikarabati ambayo nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, mahali rangi haikuwahi kupita, nilikuta mistari mitatu ya penseli, kila mmoja na tarehe yake, miandiko tofauti. Nilipima kutoka sakafuni, nikaweka soketi mpya shubiri mbili juu ya ule wa juu kabisa, kisha nikaandika wangu chini yake.